Shanga za kale mkononi, pesa kidogo mfukoni: uanze na kipimo gani?

Kila mwanafunzi wa akiolojia anayepitia kwangu hapa Mombasa huja na swali lilelile: "Mwalimu, nimeambiwa leza ndiyo bora kuliko zote, sivyo?" Huwa ameshika vimfuko vya plastiki vya kubana, kila kimoja kimeandikwa namba ya shimo na tabaka, na ndani mna shanga za kioo: nyekundu ya matofali, buluu, manjano, kijani, nyeusi. Nyingi hazizidi punje ya mtama. Pesa alizo nazo nazo hazizidi sana.

Mimi si mkemia. Kazi yangu ni ya mezani: koleo ndogo, lenzi, sahani nyeupe na daftari. Lakini nimeziona shanga zikirudi kutoka maabara za namna kwa namna pamoja na karatasi zake za majibu, na nimeona watu wakilipia jibu la swali ambalo hawakuuliza. Basi nitaviweka vipimo ubavu kwa ubavu kama ninavyovieleza mezani, na ninachokipendelea nitakisema wazi.

Kwanza tujue kinachotafutwa: ni wapi kioo cha ushanga kiliyeyushwa. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga safi peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi, moto ambao matanuri ya kale hayakuufikia, kwa hiyo mafundi waliuchanganya na kitu cha kuushusha: ama magadi yanayookotwa ardhini, ama jivu la mimea inayoota penye chumvi. Aliyewahi kutia magadi kwenye maharage anajua yanavyolainisha kilicho kigumu. Tanurini nako mchanga husalimu amri. Kila kimoja huacha alama yake. Jivu la mimea huja na magnesi nyingi, na wachambuzi huweka mpaka kwenye asilimia 1.5: kioo kikizidi hapo, kwa kawaida ni cha jivu, na huko magharibi mwa Asia ndiko jivu lilikotumika sana. Kikipungua, ni cha magadi. Kioo cha India na Sri Lanka kina alama nyingine tena, alumini nyingi, kwa sababu mchanga wake umetokana na miamba ya itale.

Hiyo ni ngazi ya kwanza, nayo huhesabiwa kwa asilimia. Iko ya pili, inayohesabiwa kwa sehemu katika milioni. Mwaka 2008 mtafiti wa vioo vya kale, Laure Dussubieux, na wenzake walichapisha vipimo vya shanga za Asia Kusini na za Afrika Mashariki, wakaonyesha kwamba hiki tunachokiita kioo cha India si kimoja. Kipo chenye bariamu nyingi na urani kidogo, cha India Kusini na Sri Lanka. Kipo kingine chenye urani nyingi na bariamu kidogo, na hicho kimeonekana Chaul, bandari ya kale ya pwani ya magharibi ya India, na kimeonekana huku kwetu. Kwa macho, ushanga mwekundu wa hapa na mwekundu wa kule huwezi kuzitenganisha hata ukiapa.

Ngazi hizo mbili zikumbuke, maana vipimo vinaachana njia papo hapo.

Macho, lenzi na subira

Hatua hii watu huiruka wakidhani imepitwa na wakati. Ni ya zamani, kweli. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba Gedi kuanzia 1948, na baadaye Fort Jesus, umbo na rangi ndivyo vilivyokuwa msingi wa kupanga shanga. Lakini lenzi ya kukuza mara kumi, juu ya ushanga uliolowanishwa kwa tone la maji, inakuonyesha jambo ambalo mashine za kemia hazilijui kabisa: mikono ya fundi.

Tazama viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya kioo. Vikiwa vimelala kufuata tundu, vyembamba kama punje za mchele wa pishori, basi kioo kilivutwa kikawa mrija mrefu, kisha mrija ukakatwa vipande. Vikizunguka tundu kama pete, kila ushanga uliviringishwa peke yake kwenye kijiti cha chuma. Shanga nyingi za kale za mwambao wetu ni za kuvutwa. Huko Papanaidupet, kusini mwa India, kazi hii ya kuvuta mrija kwa mkono imedumu hadi zama zetu: wanakata vipande, kisha wanavipasha moto tena pamoja na jivu ili kingo zilainike bila kugandana. Ukiuona ushanga wenye ncha kali upande mmoja na laini upande wa pili, unajua fundi alikuwa na haraka siku hiyo.

Pima kipenyo, urefu na upana wa tundu. Linganisha rangi na chati, si kwa kumbukumbu, kwa sababu "kijani" yangu na "kijani" yako ni ugomvi wa mchana kutwa. Inua ushanga kwenye mwanga uone kama unapenya. Haya yote hayana gharama ila muda, na hayaharibu hata chembe. Mtafiti wa shanga Marilee Wood alizipanga shanga za kusini mwa Afrika katika makundi yanayotumiwa hadi leo, Zhizo, K2, Mapungubwe, Zimbabwe, Khami, na umbo na rangi vina nafasi kubwa katika makundi hayo. Kemia ilikuja ikayatilia nguvu na kuyapa asili.

Na hapa nikiri kosa la ujanani. Katika uchimbaji mmoja tulichekecha kwa wavu wa matundu ya milimita tano, tukapata vigae vingi, mifupa ya samaki, na shanga tatu tu. Tulikuwa tumeanza kuandika kwamba mahali pale biashara ilikuwa haba. Jioni moja mtoto wa mpishi wetu, aliyekuwa akichezea lundo la mchanga uliokwisha kuchekechwa, akaja na shanga kiganjani, zaidi ya zetu. Tukakata kipande cha wavu wa mbu wa dirishani tukarudia lundo zima. Hakuna leza inayoweza kupima ushanga uliopita kwenye matundu. Kabla ya kuniuliza habari za mashine, niambie wavu wako ulikuwa wa ukubwa gani.

(Neno la pembeni kwa wanaosoma maandishi ya zamani: ukitafuta "Shanga" kwenye katalogi, usishangae kuletewa kisiwa cha Pate. Huo ni mji wa kale alikochimba Mark Horton miaka ya 1980.)

Udhaifu wa macho nimeshautaja: asili ya kioo hayaioni. Tena hudanganywa na ujirani. Panya na kaa huchimba, na ushanga wa juzi ukashuka hadi tabaka la kale. Shangazi yangu alipochungulia sahani yangu siku moja alisema, "Mbona hizi kama utunda wa marehemu nyanya?" Nikacheka, kisha nikachomoa mbili nizitazame upya. Moja alikuwa amepatia.

Bunduki ya eksirei

Hii ndiyo inayowavuta wengi, na naelewa sababu. Ina umbo kama drili ya fundi, unaielekeza kwenye ushanga, unabonyeza, na baada ya dakika moja au mbili kioo cha mashine kinakuorodheshea elementi. Ushanga haubebwi popote: mashine ndiyo inayokuja kwenye kabati la makumbusho. Kwa mkusanyiko wa maelfu ya shanga, huo si wepesi mdogo.

Sasa ubaya wake. Kila elementi ikipigwa hurudisha eksirei zake, na zinazotoka kwenye sodiamu ni dhaifu mno, hewa tu inazimeza kabla hazijafika kwenye kipokezi. Za magnesi nazo zinafika zikiwa zimechoka. Maana yake, swali la ngazi ya kwanza, magadi au jivu, ndilo hasa ambalo bunduki hii inalijibu vibaya. Na kile kidogo inachokipata kwa elementi nyepesi hutoka kwenye ngozi ya ushanga, mikroni chache tu, ilhali ushanga uliolala karne kadhaa kwenye udongo wenye unyevu na chumvi wa pwani ngozi yake si kioo tena kama kilivyokuwa. Sodiamu imekwisha kuchuruzika.

Kuna jambo la ukubwa pia. Dirisha la mashine nyingi za aina hii lina upana wa milimita 3 hadi 8, na ushanga wako una milimita mbili na nusu, una tundu katikati na mgongo wa duara. Miale mingine inapita pembeni bure. Namba zinazotoka zinafaa kulinganisha ushanga na ushanga ndani ya mashine ileile, zikipimwa kwa namna ileile. Kuzibeba na kuzilinganisha na jedwali la maabara ya mbali ni kujitafutia aibu.

Kisha kuna kupandana kwa mistari. Elementi mbili zinaweza kutoa miale ya nguvu zinazokaribiana hadi mashine ikachanganya. Risasi na aseniki ndio mapacha wabaya zaidi: mstari mkuu wa risasi na mstari mkuu wa aseniki vimekaa karibu mahali pamoja. Urani inagongana na rubidiamu. Mstari mmoja wa bariamu unagongana na titaniamu, ingawa bariamu ina mistari mingine ya nguvu kubwa unayoweza kuifuata kama mashine yako inafika huko. Soma tena orodha hiyo: urani na bariamu, zilezile mbili zinazotenganisha Chaul na Sri Lanka.

Nilikaa na kijana mmoja aliyekuwa na shanga za manjano, karatasi yake ikionyesha aseniki. Alikuwa amesoma kwamba aseniki ilitumika kupausha shanga za Ulaya za karne za karibuni, na akawa ameandika sura nzima kwamba tabaka lake lilichafuliwa na shanga za kisasa. Manjano ya kale lakini hutokana na risasi iliyoungana na bati. Ushanga ulijaa risasi, na aseniki ile ilikuwa kivuli cha risasi. Tulifungua mchoro wenyewe badala ya jedwali, tukaonyeshana kwa kidole. Sura ilifutwa, na nadhani alinichukia kwa wiki nzima.

Mimi siitupi bunduki hii. Kwa kuchambua rangi ni hodari: inakwambia buluu hii ni ya kobalti na ile ni ya shaba, inakwambia ipi ina risasi na ipi haina, na inakupa makundi ya mwanzo ya kuchagulia za kupeleka mbali. Kuiuliza asili ya kioo ndiko kunakokosesha.

Hadubini ya elektroni

Hapa ushanga unaingia kwenye chumba kisicho na hewa, kwa hiyo ile sodiamu iliyokuwa ikimezwa sasa inaonekana. Ngazi ya kwanza inajibiwa vizuri: sodiamu, magnesi, alumini, chokaa, potasi. Faida ya pili ni picha. Unaziona fuwele za risasi na bati zilizotawanyika kwenye manjano, unayaona madoa madogo ya shaba yanayoleta ule wekundu wa tofali, na mara nyingine mapigo ya fundi aliyekoroga rangi bila kumaliza.

Gharama yake ni kwamba majibu ya kutegemewa yanataka uso bapa uliosuguliwa hadi ukapita ngozi iliyooza. Lazima ukubali kusugua upande mmoja wa ushanga au kutoa kipande kilichovunjika tayari. Vipande vilivyovunjika msivitupe, jamani. Ni mali hapa. Na chini ya asilimia 0.1 hivi, mashine inakuwa kipofu, kwa hiyo urani isahau.

Kama chuo chako kina hadubini hii kwa ajili ya wanajiolojia au wahandisi, omba muda. Kwa swali la "India au Ghuba?" inatosha, na bei yake iko mbali chini ya leza.

Leza

Haya, tumefika kwa bibi harusi. Ushanga unawekwa kwenye kijisanduku kilichofungwa, leza inauchoma kijishimo cha upana wa mikroni mia moja au chini ya hapo, kama unene wa unywele, na moshi wa kioo unapelekwa kwenye mashine inayozipanga atomi kwa uzito. Sekunde za kwanza hutupwa, kwa kuwa hizo ni ngozi iliyooza na uchafu. Kinachosomwa ni kioo kizima cha chini yake. Elementi hamsini na zaidi kwa mkupuo mmoja, za asilimia na za sehemu katika milioni, na kila ushanga unachukua dakika chache tu. Kijishimo hukioni bila lenzi.

Na kwa kuwa maabara nyingi hutumia vioo vya kusawazishia vilevile, namba za Mombasa zinaweza kukaa kwenye jedwali moja na za bonde la Limpopo, kusini mwa Afrika, na za Chaul. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko idadi ya elementi. Shanga za Unguja Ukuu na Fukuchani, miji ya karne ya 7 hadi ya 10 huko Unguja, zilipopimwa hivi zilionyesha vioo viwili vikubwa vikitembea pamoja: cha magadi kutoka upande wa Sri Lanka na India Kusini, na cha jivu kutoka magharibi mwa Asia. Mchanganyiko kama huo macho yangu yasingeupata hata kwa miaka kumi.

Ila mtu asikuuzie ndoto. Leza haitoi tarehe. Tarehe inatoka kwenye tabaka, ukachimba vizuri au ukaharibu. Inakwambia pia kioo kilikoyeyushwa, na ushanga unaweza kuwa uliundwa kwingine: kule K2, makazi ya kale bondeni mwa Limpopo, watu walichukua shanga ndogo zilizokuja na biashara wakaziyeyusha upya kwenye vikalibu vya udongo wakatoa shanga kubwa zao wenyewe. Kemia peke yake ingesema "Asia" na ikanyamaza.

Halafu kuna safari. Maabara yenye uzoefu mkubwa wa shanga zetu ni ile ya Field Museum, Chicago, anakofanya kazi Dussubieux. Vitu vya kale havitoki nchini bila kibali. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 iko wazi. Anza kuomba mapema, piga picha kila ushanga pande mbili kabla haujaondoka, na andika uzito wake kwenye mizani ya miligramu. Barua za vibali zimewachelewesha watu kuliko mashine.

Mashine ya Raman nitaipitia haraka. Ni mwanga tu, haigusi wala haichomi, na kuna mashine za kubebeka. Inatambua vizuri fuwele za rangi, kama ile manjano ya risasi na bati, na inaweza kukisia aina ya kioo. Kwa ushanga ambao huruhusiwi kuutoa hata kijishimo, mathalani ulio kwenye kidani kizima, ndiyo ningeianza. Urani nayo haioni.

Sasa wewe uchague ipi?

Kama una shanga arobaini za tasnifu na huna mfadhili: lenzi kwa zote, hadubini ya elektroni kwa vipande vichache vilivyovunjika, basi. Andika swali lako liwe la ngazi ya kwanza na usione haya.

Kama ni makabati ya makumbusho yenye maelfu, za mashimo ya zamani na mpya zikiwa zimechanganyika, lenzi kwa zote, bunduki ya eksirei kwa wingi ili upate makundi, halafu leza kwa shanga chache kutoka kila kundi. Zisiwe nzuri peke yake! Watu hupeleka shanga zinazopendeza kwenye picha, na zile nyekundu za kawaida, zilizo nyingi kuliko zote, zinabaki kwenye mfuko. Nyekundu ndizo zilizobeba biashara.

Kama swali lako ni lini meli za Chaul zilianza kuzishinda za Sri Lanka kwenye bandari hii, usipoteze shilingi kwa kitu kingine. Leza, na shanga ziwe za tabaka lililofungika vizuri. Bora ishirini zenye tabaka la kuaminika kuliko mia mbili zilizookotwa juu ya mchanga.

Na kwa wewe usiye mwanafunzi, uliyekuta shanga ukichimba msingi Mji wa Kale au kisima huko Mtwapa: usizioshe, usizitunge, na usimwite mwenye mashine. Acha kuchimba, weka alama mahali na kina, upige picha, uwaite watu wa makumbusho, Fort Jesus. Ushanga ulio mahali pake ardhini una maneno mengi kuliko ulio kwenye kikombe cha kahawa.

Mwanafunzi wa mwisho aliyekuja aliondoka na orodha ya shanga ishirini na nne za leza, tukiwa tumezichagua kwa mchana mzima, nyekundu zikiwa nusu. Moja ya kijani tuliibakisha nyuma. Ilikuwa nzuri, ya umbo lisilo la kawaida, na alitaka sana iende. Lakini chini ya lenzi ilikuwa inatoa jasho, vitone vidogo vinavyonata, sodiamu ikitoka kwa unyevu wa pwani hii yetu, na nyufa nyembamba kama utando wa buibui zilikuwa zimeanza kwenye ncha. Sasa imo kwenye kikebe peke yake, na pakiti ya chembe za kukausha. Kila Jumatatu nafungua kifuniko, naitazama, nabadilisha pakiti.